La Kofiani na la Kipazani

Siku Bunge la Tambazi lilipokaa kuamua kama Pazi Mgonela, mbunge wa Bondeni, avuliwe kinga, mwenyewe alifika mapema akiwa na mto wa kukalia kwapani. Hakwenda kwenye kiti chake. Alipitiliza hadi ofisini kwa Spika, akauweka mto juu ya kiti cha wageni, akaupigapiga, akakaa na kuvuta pumzi ya mtu aliyefika nyumbani.

"Viti vya Ukingoni," alisema, "vilichongwa na watu wasio na makalio kwa ajili ya watu wasio na makalio. Umeamkaje, mtani?"

Spika Siwema Lihanda, mzaliwa wa Ukingoni, alikuwa amejiapiza tangu kitandani kwamba leo hacheki. Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Nimeamka salama. Na wewe umekuja kunihonga mto?"

"Ningetaka kukuhonga ningeleta maji safi. Lakini najua ungeyamwaga. Ninyi mmeshazoea jasho."

Basi kiapo chote kikaishia hapo. Siwema alicheka mpaka miwani ikamteleza puani, akaishika, akajilaumu, akacheka tena. Pazi alikuwa hivyo. Mwili mpana, sauti ya ngoma, na mdomo ambao mama yake mzazi aliuombea dua ukashindikana.

Asiyezaliwa Tambazi angeweza kudhani hawa wawili ni maadui. Ukweli ni kwamba babu zao ndio waliokuwa maadui, na si maadui wa mchezo. Zamani, watu walipofika Mirihi, waligawanyika. Wengine wakajenga juu, ukingoni mwa shimo kubwa, kwenye jua lakini kusiko na maji, wakawa wanakamua jasho lililobaki kwenye mavazi yao, wanalichuja na kulinywa. Wengine wakajenga chini, bondeni, kwenye barafu lakini kusiko na jua, wakawa wanakula kuvu asubuhi, mchana na jioni. Halafu wakagombana, na ugomvi wa Mirihi ni kufungiana bomba la hewa. Walizikana wengi. Walipochoka kuzikana wakafanya jambo ambalo wenye akili hulifanya wakishaumia: wakageuza uadui kuwa utani. Tangu hapo, mtu wa Ukingoni akifa, wanaombeba ni watu wa Bondeni, na wa Bondeni akifa hubebwa na wa Ukingoni, na anayebeba ana haki ya kumtukana mfiwa apendavyo.

Makaburi yako nje, na nje hakuna hewa ya kubeba sauti. Kwa hiyo mtani humsogelea mfiwa, anagusisha kofia yake ya kioo na kofia ya mwenzake, paji kwa paji, na sauti inapita kwenye kioo. Humo ndimo matusi yote humwagwa. Mwaka uliopita, mama yake Siwema alipozikwa, Pazi alilala chali kwenye mlango wa kutokea nje, akagoma kuinuka mpaka apewe kijiko cha marehemu. Akapewa. Kisha kule makaburini, Siwema akiwa amesimama hajui hata miguu yake iko wapi, akaona kofia pana inamjia. Tok. Sauti ya Pazi ikaingia: "Mtani, poleni. Mmepungua mdomo mmoja. Ninyi wanywa-jasho mkifungiwa hewa nyote, nchi itapumua."

Siwema alicheka na kulia kwa pamoja mpaka kioo kikaingia ukungu asione kaburi. Ilikuwa pumzi yake ya kwanza tangu mama afe. Hilo hakulisahau, na hilo ndilo lililomfanya leo atamani kuwa mgonjwa, au hata mjumbe wa kawaida anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake. Maana maneno yaleyale, neno kwa neno, Pazi aliyarudia miezi miwili iliyopita Bungeni, mbele ya kipaza sauti, mjadala wa mabomba ukirushwa mji mzima. Na kuna mtu aliyekaribia kufa kwa sababu ya maneno hayo.

Mlango uligongwa. Aliingia Wakili Editruda, mwanamke mfupi aliyenyooka, ambaye ndiye aliyeleta ombi la kumshtaki Pazi kwa maneno ya chuki. Alisalimia, akamkabidhi Spika nakala ya ombi hilo.

"Wakili," alisema Pazi, "naona umevaa viatu vya kisigino kirefu. Usijali, hata ukisimama juu ya sheria zote hizo bado hutanifikia kidevuni."

Editruda aligeuka. Macho yalimwaka, mdomo ukafunguka, na ilionekana wazi kwamba jibu lililokuwa linakuja lilikuwa tamu na kali. Midomo ikaenda, mikono ikaenda, kidole kikamwelekea Pazi tumboni. Hakikusikika kitu. Ofisi ilikuwa kimya, ila mto wa Pazi uliolia kidogo alipojisogeza.

Ukuta ulikuwa umemmeza. Hiyo ilikuwa kazi ya Sikio, mtambo uliofungwa mji mzima baada ya ule ugomvi wa mabomba. Kila raia ana kifungo shingoni kinacholisikia neno likiwa bado kooni. Sikio hulipima. Likiliona ni tusi, kuta hutoa sauti iliyopinduliwa, penye kilima zinaweka bonde na penye bonde zinaweka kilima, na sauti mbili zikikutana zinasawazishana na kuwa bure. Wabunge peke yao ndio wasiomezwa. Wana pini ya shaba kolani inayoziambia kuta zimwache mheshimiwa aseme, kwa sababu mbunge anayeogopa ukuta hawezi kuisema serikali. Pini hiyo ndiyo kinga. Na ukumbi wa Bunge wenyewe hauna kuta za kumeza kabisa, humo kila mtu husikika, awe mbunge au mfagizi.

Editruda alifunga mdomo, akatulia. "Ndiyo sheria," alisema, na safari hii alisikika. "Hata mimi inanimeza. Tutaonana ukumbini, Mheshimiwa."

Pazi alicheka peke yake. Siwema alitaka kumsindikiza kwa kicheko kama kawaida, lakini kikamkwama. Kuna kitu alikuwa amekiona, ila hakujua bado ni kitu gani.

Alifungua nakala. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, maneno ya Bungeni. La pili, maneno ya makaburini, kama ushahidi kwamba mtuhumiwa ana mazoea. Siwema alisoma mara mbili kabla ya kuelewa yametoka wapi. Kofia za nje hutunza kila kinachosikika ndani yake, ili ikitokea ajali ijulikane. Ushahidi ulikuwa umetolewa kwenye kofia yake mwenyewe, siku alipoipeleka kufanyiwa matengenezo. Kicheko chake kilikuwa humo, na kilio chake.

"Mtani," alisema polepole, "wamesikiliza msiba wa mama yangu."

Pazi aliacha kucheka. "Nilijua. Ndiyo maana nikaleta mto. Leo tutakaa sana."

*

Ukumbi ulijaa. Viti vya kulia ni vya Ukingoni, vya kushoto ni vya Bondeni, idadi sawa, na Spika hupiga kura pale tu pande zinapolingana. Na kila mtu alijua zitalingana. Mbunge mmoja alisimama kuuliza kama ni haki Spika aliyetaniwa na mtuhumiwa kuamua kesi ya mtuhumiwa. Siwema akamwomba ataje mtu yeyote humu ndani asiye mtani wa mwenzake. Yule mbunge alitazama kulia, akatazama kushoto, akakaa.

Pazi alijitetea vizuri. Alisema utani ndio uliozima vita, si Sikio. Alisema Sikio linajua maneno lakini halijui ukoo. "Leo mkinishtaki kwa kumwambia mtani wangu neno la utani, kesho mtaingiza masikio kwenye kofia zetu. Tutazikana kimyakimya, waheshimiwa. Msiba usio na utani ni maiti tu na mashimo."

Viti vya kushoto vilipiga makofi, na hata vya kulia vichwa viliinama kukubali. Siwema mwenyewe alikubali. Moyoni alishaanza kuisikia hapana yake ikipanda kooni.

Kisha Wakili Editruda akamwita shahidi wake.

Aliyeingia alikuwa Bi Kidawa, mkaanga uyoga wa soko la Bondeni, mwanamke wa Ukingoni aliyeshuka chini kufanya biashara tangu usichana. Kibanda chake, kama vibanda vyote vya soko, kina mlango unaobana usipitishe hewa, na bomba lake la hewa. Vijana waliokuja na meli ya juzi, ambao hawajamzika wala kumtania mtu yeyote Tambazi, walikuwa wamelisikia neno la Pazi redioni. Wakalitungia wimbo wa mluzi, maana maneno yangemezwa. Siku moja wakaja nao hadi kibandani kwake, wakafunga mlango kwa nje, wakafunga na bomba, nchi ipumue. Aliokolewa na mteja mwenye njaa.

Editruda alitaka kumuuliza maswali. Siwema akamzuia.

"Bi Kidawa," alisema, "Mheshimiwa Mgonela anasema ule ulikuwa utani. Wewe ni mtani wake. Nataka nikuulize swali moja tu la kimila. Alipokutania, wewe ulimjibuje?"

Bi Kidawa alimtazama Spika, akamtazama Pazi, akafunga khanga yake vizuri kiunoni. Aliyewahi kuona mwanamke akifunga khanga namna hiyo angejua kinachofuata.

"Mheshimiwa Spika, nilimwambia hivi. Huyu mtani wangu ameshiba kuvu hadi akipiga chafya uyoga unaota ukutani. Babu yake alipopanda Ukingoni mara ya kwanza akaona jua, aliuliza nani kaacha taa inawaka mchana. Wakamwambia, mzee, hilo ni jua. Akauliza, linazimiwa wapi?"

Kushoto walianza kukohoa. Kulia walishaanza kupiga meza.

"Nikamwambia, unasema sisi tukifungiwa hewa nchi itapumua? Nchi ikipumua huku Bondeni inanuka kuvu, ndiyo maana wazee wetu walihamia juu. Na wewe Pazi, wewe ukipumua tu, nusu ya mji inabaki bila hewa. Wakikupima kwa mabomba utahesabiwa kata nzima."

Ukumbi ulipasuka. Mbunge mmoja wa Bondeni aliteleza kwenye kiti. Editruda alikuwa ameziba mdomo kwa jalada la kesi. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Pazi, machozi yakimtiririka, akiugongagonga mto wake. "Amenipata," alikuwa anasema. "Kata nzima. Huyu mama amenipata."

Siwema aliwaacha wacheke mpaka wakatosheka. Kisha akauliza, "Na yeye alisemaje ulipomwambia hayo?"

"Hakusema kitu," alisema Bi Kidawa. "Hakunisikia. Mimi nilikuwa kibandani, yeye yuko redioni. Wateja wamejaa, wote wamenigeukia, wanasubiri, maana Kidawa hajawahi kutaniwa akanyamaza. Nikafungua mdomo nikayasema yote haya, mwanzo mpaka mwisho. Ukuta ukayameza. Watu wakaona mtu mzima anachezesha midomo. Wale vijana nao walikuwepo. Wakaona mheshimiwa kasema na mimi sina jibu. Asiye na jibu amekubali, si ndivyo? Siku waliyonifungia bomba walikuwa wanacheka, mheshimiwa. Hata mimi nilicheka nao kidogo, nikidhani ni utani, mpaka macho yakaingia giza."

Sasa hakuna aliyecheka. Siwema alikumbuka midomo ya Editruda asubuhi ile ofisini, na kidole kikimwelekea Pazi bila sauti, na akajua ni nini alichokuwa amekiona.

Pazi alisimama. Uso wake ulikuwa bado na machozi ya kicheko, hakuwa amepata muda wa kuyafuta.

"Kwa hiyo ulinijibu?"

"Nilikujibu sana."

"Na ilikuwa nzuri hivyo?"

"Siku ile ilikuwa nzuri zaidi. Leo nimepunguza, kuna wakubwa."

Pazi akapeleka mkono kolani, akachomoa pini ya shaba, akaiweka mezani mbele yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mtani hana kinga. Hata mtoto wa Tambazi anajua. Ukirusha, unasimama urushiwe. Mimi nimerusha nikiwa nimejificha. Naona aibu. Naomba mnipeleke mahakamani."

"Mheshimiwa Mgonela," alisema Siwema, "chukua pini yako uirudishe."

"Nimekwisha kuivua."

"Huna mamlaka ya kuivua. Kinga si shati lako ulivue ukisikia joto. Ni ya Bunge hili, umeazimwa. Bunge likitaka kuichukua litaichukua lenyewe, wewe ukae ungoje kama maharusi."

Pazi akairudisha kolani, taratibu, na hata mlinzi wa mlangoni alitabasamu.

Siwema aligawa hoja. Kwanza akauliza juu ya maneno ya makaburini, kama Bunge liruhusu yashtakiwe. "Kabla hamjajibu," alisema, "kofia iliyosema ni yangu. Yale maneno niliambiwa mimi, paji kwa paji, na nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Nilimjibu. Mkitaka kujua nilimjibu nini, mtakufa bila kujua." Sauti ya hapana ilitoka pande zote mbili kwa pamoja, na Editruda, ambaye hakuwa na kura, aliifuta hoja hiyo kwenye karatasi yake bila kusubiri kuambiwa.

Kisha akauliza juu ya maneno ya kwenye kipaza sauti. Mikono ikapandishwa, ikahesabiwa. Kura zililingana, kama kila mtu alivyojua.

Wote wakamtazama yeye. Siwema alimtazama Pazi. Alikiona kijiko cha mama yake, ambacho Pazi alikuwa akikibeba kwenye mfuko wa juu wa koti tangu siku ya mazishi, mpini ukichungulia. Alimpenda mtu huyu, na aliona uchungu wa kweli, kama mtu anayemtoa ndugu yake nje ya nyumba. Lakini aliiona pia midomo ya Bi Kidawa ikichezacheza kibandani bila sauti.

"La kofiani hatuligusi," alisema. "La kipazani, kinga iondolewe. Kura yangu ni ndiyo."

Alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo Spika halifanyi, akaenda hadi kwa Pazi. Pazi alijiinamisha kidogo ili amfikie kolani.

"Una neno, mtani?" aliuliza Siwema kwa sauti ndogo.

Pazi alifikiri. "Mikono yako inanuka jasho."

"Ni la asubuhi. Nilikubakishia kidogo."

Akaichomoa pini. Pazi akachukua mto wake, akatoka. Alipovuka mlango, akiwa kwenye ujia wenye kuta za kawaida, alimgeukia mlinzi mwembamba aliyesimama pale, na watu wote waliomfuata nyuma wakaona mabega yake yakijipanga kwa mzaha aliouzoea maisha yake yote. Mdomo ukaenda. Hakikutoka kitu. Pazi alijishika koo, akakaa hivyo kidogo, kisha akampigia mlinzi saluti na kwenda zake. Siwema, akiwa mlangoni, alijikuta analia.

*

Kesi ilipangiwa tarehe, tarehe ikasogezwa, kama kesi za kila mahali. Pazi alifika mahakamani kila alipoitwa. Sokoni alikuwa akipita kimya, akinunua uyoga kwa Bi Kidawa kwa kuonyesha kidole, naye Bi Kidawa akimfungia bila neno. Watu walisema wamechukiana. Bungeni nako viti vya pande zote vilipoa, na Siwema alianza kujiuliza kama hakuzima moto kwa kuwabomolea watu jiko.

Siku moja mchana alikuwa anapita kwenye ujia wa kioo ulio karibu na mlango wa kutokea nje. Mlinzi mwembamba alikuwa ameegemea dirisha, anachungulia.

"Mheshimiwa, hebu tazama. Wale wawili wametoka tangu saa ile na hawana kazi yoyote nje. Nimwite askari?"

Siwema alitazama. Hatua chache kutoka kwenye ukuta, juu ya mchanga mwekundu, walisimama watu wawili ndani ya mavazi ya nje. Mmoja alikuwa mpana. Mwingine alikuwa amefunga khanga kiunoni juu ya vazi, jambo lisilo na faida yoyote Mirihi. Kofia zao zilikuwa zimegusana, paji kwa paji. Yule wa khanga alikuwa akirusha mikono. Yule mpana mabega yalikuwa yakimtetemeka, kisha akawa yeye wa kurusha mikono, na mabega ya mwenzake yakaanza kutetemeka. Waliachana, wakainama wakishika magoti, wakasimama, wakarudi tena. Tok.

Nyuma yao, mbali kidogo, wale vijana wa meli ya juzi walikuwa wamekaa kwenye bomba kuukuu na kofia zao, wametumwa na mahakama kufagia mchanga. Walikuwa wameacha kufagia, wanatazama. Mmoja wao akamwegemea mwenzake, kofia kwa kofia, kujaribu.

"Wanagombana?" aliuliza mlinzi.

"Wanagombana vibaya sana," alisema Siwema.

Akavua pini yake ya shaba, akamkabidhi mlinzi amshikie. Kisha akaitungua kofia yake kwenye ndoano, akaivaa, akatoka kwenda kupanga foleni.